Neva ikishaunganishwa, ubongo nao hujifunza upya

MTU anapokatwa mkononi kwa panga au kioo na neva kukatika, daktari wa upasuaji anaweza kuziunganisha ncha zake. Hata hivyo, wengi hushangaa kuona kwamba miezi kadhaa baada ya kidonda kupona, vidole vingali na ganzi na haviwezi hata kufunga kifungo cha shati.

Sababu ya kwanza ni kwamba neva humea polepole mno, takriban milimita 1 kwa siku. Jeraha likiwa karibu na bega, huenda mwaka mzima ukapita kabla ya nyuzi zake kufika vidoleni. Aidha, si kila uzi hurejea ulikotoka. Uliokuwa ukihudumia kidole gumba waweza kuishia kwenye kidole cha shahada.

Sababu ya pili imo kichwani. Ubongo una ramani ya mwili, na kila kiungo kimetengewa mahali pake. Mnamo 1983, watafiti wa Marekani, wakiwemo Michael Merzenich na Jon Kaas, walionyesha kwamba neva ya mkono wa tumbili ikikatwa, eneo la ubongo lililokuwa likipokea habari zake halikai bure. Hutwaliwa na sehemu nyingine za mkono. Hivyo basi, neva inaporejea hukuta kiti chake kimekaliwa.

Lakini uwezo uo huo wa ubongo kujipanga upya ndio tegemeo la mgonjwa.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas wameuchochea kupitia neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kupita shingoni hadi kifuani na tumboni. Umeme hafifu hupitishwa kwenye neva hiyo kwa nusu sekunde wakati zoezi linapofanywa. Ubongo nao humwaga kemikali zinazoufanya ulizingatie tendo la wakati huo na kulihifadhi.

Katika utafiti wao wa 2019, panya waliokatwa neva za mguu wa mbele na kupewa umeme huo wakati wa mazoezi walipata nafuu kubwa kuliko waliofanya mazoezi pekee. La ajabu ni kuwa neva zao hazikuwa zimemea vyema zaidi. Tofauti ilikuwa ubongoni.

Kwa binadamu, matokeo yaliyochapishwa 2021 yalihusu watu 108 waliodhoofika mkono kutokana na kiharusi. Wote walipandikizwa kifaa hicho na kufanya mazoezi. Miongoni mwa waliopata umeme wa tiba, asilimia 47 walipata nafuu ya maana, ikilinganishwa na asilimia 24 ya wenzao. Mwaka huo, Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi.

Kwa aliyekatika neva, funzo kuu ni kwamba umeme hauchukui nafasi ya mazoezi. Huyapa nguvu tu. Kwa sababu hiyo, kuacha kumwona mtaalamu wa viungo pindi kidonda kinapofunga ni kuuacha ubongo bila mwalimu.

Mojawapo ya mazoezi yanayotumika haihitaji mtambo wowote. Hisia zinapoanza kurejea, mgonjwa hugusa sarafu, kitambaa au mchanga akitazama, kisha hufumba macho na kurudia, hadi mkono na ubongo vielewane tena.