Gayogayo wa Texas Hungojwa Mlangoni

Ukizunguka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, huenda ukamwona samaki bapa kama sahani, ubavu mmoja wa rangi ya mchanga, wa pili mweupe kama karatasi, na macho yote mawili yamekaa upande mmoja. Watu wa pwani humwita gayogayo. Wengi wetu humpita tu tukikimbilia changu na nguru. Lakini huko Marekani, katika jimbo la Texas, wapo watu ambao kila mwaka huhesabu siku wakimngojea jamaa yake. Jinsi wanavyomvua, na kwa nini serikali yao imelazimika kuwazuia, ndiyo maelezo yetu ya wiki hii.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Samaki huyu akianguliwa huwa na jicho kila upande, kama samaki yeyote. Akiwa bado mdogo kama ukucha wa kidole, jicho la kulia huanza kuhama, huvuka kichwa na kwenda kukaa jirani na la kushoto. Kuanzia hapo hulalia ubavu maisha yake yote. Hujifukia mchangani, hubadili rangi ifanane na sakafu ya bahari, akabaki macho tu nje. Hafukuzi chakula. Hungoja mkondo umletee.

Basi mvuvi naye hana budi kuiga tabia hiyo. Maji yanapokupwa, vidagaa na kamba hutoka katika vijito vya mabwawa ya pwani kuelekea ghubani, na samaki wetu hulala mdomoni mwa kijito akiwasubiri. Hapo ndipo mshipi hutupwa. Chubwi lake lina tundu katikati, na mshipi hupita humo ukiteleza. Chini ya chubwi hufungwa kipete cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, kisha kipande cha uzi mgumu kiasi cha sentimita 45, na mwisho ndoana. Kwa nini chubwi liteleze? Kwa sababu samaki akivuta chambo, uzi hupita ndani ya tundu naye hahisi uzito. Chubwi likifungwa imara, atashtuka na kutema.

Chambo kinachosifiwa kuliko vyote ni mtoto wa mkizi, mzima, mwenye urefu wa kidole, aliyetungwa ndoanani kwa midomo ili aendelee kuogelea. Wapo wanaotumia chambo cha mpira, nacho hufanya kazi, alimradi kiburutwe chini, polepole sana, kikitimua vumbi la mchanga. Mwenye haraka atarudi nyumbani na ndoo tupu.

Sasa sikiliza penye ufundi wenyewe. Samaki huyu hapigi chambo kwa kishindo. Mvuvi huhisi uzito tu, kama ndoana imekamata majani. Mgeni huvuta mara moja, akapata nusu ya mkizi yenye alama za meno. Mzoefu hulegeza mshipi na kungoja kidogo, maana samaki kwanza humbana windo kwa meno, kisha ndipo humgeuza ammeze. Akishanaswa asiinuliwe kichwa nje ya maji, kwani hapo ndipo hutikisika na kujichomoa. Hutangulizwa wavu wa mkono chini yake.

Wengine hawataki mshipi. Usiku wa maji matulivu huingia kwa miguu katika maji ya magotini, taa mkono mmoja na mkuki mkono wa pili, wakitafuta umbo lake mchangani. Nakiri kwamba njia hii inahitaji jicho kali. Ila ina kasoro moja kubwa: aliyechomwa mkuki hata akionekana ni mdogo mno, harudishwi tena akaishi.

Ufundi wote huo usingekuwa na madhara makubwa kama si safari ya mwaka. Baridi inapoanza, mwezi wa Oktoba hadi Desemba, samaki waliokomaa hutoka katika ghuba kama ile ya Galveston kwenda bahari kuu kutaga mayai. Njia za kutokea ni chache na nyembamba. Mvuvi akisimama pale mlangoni mwezi Novemba, samaki wa ghuba nzima humjia mwenyewe.

Na ni samaki gani hao? Dume ni nadra kuzidi sentimita 35. Jike hufikia 60. Sheria ya Texas hairuhusu kuchukua aliye chini ya inchi 15, yaani kama sentimita 38. Nia ilikuwa kuwalinda wadogo. Lakini piga hesabu mwenyewe: karibu kila samaki anayeingia ndooni kihalali ni mama, na Novemba ni mama mwenye mayai.

Tena kuna jambo la joto. Watafiti wamegundua kwamba maji anamokulia mtoto huweza kubadili jinsia yake. Katika nyuzi 23 hivi, majike na madume hukaribiana. Katika nyuzi 28 walio wengi huwa madume. Maji yakipata joto, akina mama hupungua hata kabla ndoana haijawafikia.

Texas ilianza kwa kupunguza. Mwaka 2009 idadi ya kila mvuvi ilishushwa hadi 5 kwa siku, na Novemba 2 tu, bila mkuki. Haikutosha. Tangu 2021, kuanzia Novemba 1 hadi Desemba 14, hakuna ruhusa ya kuchukua hata mmoja. Wakazi wa miji yetu wanalijua jambo la namna hiyo, kwani mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, na mnunuzi wa dagaa wa Kigoma alikuwa miongoni mwa walioguswa.

Wavuvi wa Texas walinung'unika, na mtu anaweza kuwaelewa, kwa sababu walinyang'anywa wiki sita zilizo bora kuliko zote. Desemba 15 mlango hufunguliwa tena. Mishipi hutupwa palepale, kwa chubwi lilelile na mkizi yuleyule, lakini majike wengi wakubwa huwa wamekwisha pita.