Rangi za Matunda: Ishara na Amana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika Sura Fatir, aya ya 27, Mola wetu anatukumbusha kuwa kwa mvua aiteremshayo huyatoa matunda ya rangi mbalimbali. Aya ifuatayo yawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao Yeye. Basi na tulitazame papai.

Papai changa ni kijani kwa sababu ya klorofili, rangi inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Mbegu zake zingali nyeupe, nalo hufanana na majani, halimvuti mlaji. Mbegu zikomaapo na kuwa nyeusi, klorofili huvunjika, na manjano ya jamii ya karotini hudhihiri. Hapo ndege hulijia na kuzitawanya mbegu. Nani aliyeupanga wakati huo?

Karotini ilipatikana mara ya kwanza ndani ya karoti mwaka 1831, na Mjerumani Heinrich Wackenroder. Wekundu wa choya ni rangi nyingine, anthosayanini. Enyi wanafunzi, yajaribuni maji ya choya: yakitiwa ndimu huzidi wekundu, yakitiwa magadi hugeuka samawati au kijani.

Ndugu zangu, ishara hii ina amana ndani yake. Mwili huigeuza karotini kuwa vitamini A. Mtoto aikosaye huanza kushindwa kuona jua lichwapo, na akipuuzwa aweza kupofuka. Dalili hiyo ikionekana, apelekwe hospitali upesi. Na kinga i karibu nasi: papai na embe bivu, na pia mchicha, matembele na kisamvu, ambavyo karotini yake imefichwa chini ya kijani. Mwili huipokea vyema ikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kwa hiyo mchicha wa nazi una hekima.

Biashara ni halali. Lakini mzazi apelekaye sokoni kila papai na kila fungu la mchicha, akawaachia wanawe ugali mtupu, ameuza pia haki yao. Na tuwabakishie kwanza, kisha tuuze.

Ewe Mola, tujaalie macho yenye kuziona ishara Zako, na mikono yenye kutimiza amana. Amin.