Nipe Mji! Michezo ya Video na Mipaka ya Maarifa Yetu

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata ukidhani haya ni makala ya kusifia uvivu, nakuomba unipe dakika chache. Najua vyema jinsi walimu na wazazi wetu wanavyoiona michezo ya video, almaarufu magemu. Wanasema inakula wakati, inakula pesa na inakula akili. Sibishi. Aisifuye mvua imemnyea, na hapa kwetu Karagita wapo walioacha chakula cha mchana ili sarafu yao ifike kwenye kile chumba cha mabati chenye runinga na padi mbili. Hukumu ya magemu nawaachia wazee. Langu leo ni kueleza jambo moja nililojifunza humo, nalo ni kwamba kutojua hakuko kwa aina moja. Kuna kutojua kwa aina tatu, na anayezichanganya anaweza kupoteza hata nyumba yake.

Kwanza tufahamiane. Mchezo ninaouzungumzia si ule wa kandanda wala wa magari. Ni mchezo wa uhusika, yaani ule ambao mchezaji huvaa nafsi ya mtu aliye ndani ya hadithi, akasafiri naye nchi hadi nchi. Hauna refa wala dakika tisini. Mhusika huanza akiwa mnyonge asiyejua lolote. Kila akishinda jambo hupata alama za uzoefu, alama zikijaa hupanda ngazi, na nguvu zake zikaongezeka.

Mizizi ya michezo hii haikuota kwenye tarakilishi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Mtu mmoja alisimulia, wengine wakaigiza. Mwaka 1986 Yuji Horii wa Japani akaleta Dragon Quest kwenye runinga. Mwaka 1996, huko huko Japani, ukaja Pokémon. Nasi Waafrika hatukubaki watazamaji. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ambao shujaa wake ni mwana wa mfalme aliyepinduliwa, naye huchota nguvu zake katika urithi wa wahenga wake.

Sasa angalia, msomaji. Mchezo wa namna hii ni jamaa wa karibu wa kitendawili chetu. Kitendawili! Tega! Mtegaji analo jibu kifuani, nanyi mnabahatisha. Mkishindwa hamdhalilishwi. Mtegaji husema, "Nipeni mji," nanyi mkampa Nakuru au Mombasa, akaenda, akarudi, akalitoa jibu. Raha ya kitendawili ni kwamba jibu lipo na mwenye jibu yupo. Je, kila tusilolijua liko hivyo? Hapo ndipo aina zangu tatu zinapoanzia.

Aina ya kwanza naiita giza la ramani. Katika michezo mingi ya uhusika, ukifungua ramani mwanzoni utaona sehemu kubwa ni nyeusi. Hapajafichwa lolote la ajabu, ni vile hujafika. Ukitembea, giza linaondoka hatua kwa hatua. Dawa ya kutojua huku ni miguu tu.

Aina ya pili ni jibu lililofichwa. Ule mchezo wa Pokémon ulitangazwa kuwa na viumbe 150. Kumbe fundi mmoja, Shigeki Morimoto, alikuwa ametia kiumbe wa 151, aitwaye Mew, katika nafasi ndogo iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mchezo. Habari zilipovuja, watoto wa dunia nzima walianza kuambiana ati Mew yuko chini ya lori moja lililoegeshwa bandarini ndani ya mchezo. Walilisukuma lori lile miaka na mikaka. Chini yake hapakuwa na kitu. Hapa kutembea peke yake hakutoshi, maana jibu liko kwa mtu. Unahitaji kumpata anayejua, na kumtofautisha na anayebuni.

Aina ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni pale ambapo mtegaji mwenyewe hajui. Katika matoleo ya Kiingereza ya mchezo huo huo, Red na Blue, yaliyouzwa Marekani mwaka 1998, kuna ukanda wa pwani ya kisiwa kimoja ambapo mchezaji akifuata hatua fulani hutokewa na kiumbe kisicho na umbo, mfano wa kipande cha runinga iliyopoteza mawimbi. Kinaitwa MissingNo. Hakuna aliyekichora wala aliyekipangia mahali. Kisa chenyewe ni hiki: kwa muda mfupi, mashine ilikuwa ikiweka jina la mchezaji mahali pale pale inapoweka orodha ya viumbe wa porini. Ukifika kwenye ukanda ule, orodha haibadilishwi, basi mashine inazisoma herufi za jina lako kana kwamba ni viumbe. Yaani jina lako mwenyewe ndilo linalozaa zimwi! Isitoshe, kitu cha sita katika mkoba wako kinaongezeka kwa 128. Walioandika kila mstari wa mchezo huo hawakulijua hilo hadi wachezaji walipokutana nalo.

Usidhani ni uzembe wa mafundi. Mwaka 1936, kabla hata ya tarakilishi tunazozijua kuundwa, Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwa hisabati kwamba haiwezekani kuwepo njia moja ya kutambua, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Hakusema bado haijapatikana. Alisema haitapatikana. Kwa baadhi ya programu hakuna njia ya mkato. Utaiacha iende, nawe ungoje uone.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 mwanafalsafa Nick Bostrom aliuliza kama sisi wenyewe huenda tumo ndani ya tarakilishi ya mtu, tusiweze kuiona padi inayotuongoza. Mimi huko sifiki. Mwendo wa kutoka Karagita hadi shuleni asubuhi, viatu vikiwa na maji, hunitosha kuamini kwamba dunia hii ina uzito.

Na kwa kuwa nimetaja maji, sasa tutoke kwenye kioo tushuke ufukweni. Mtaa wetu uko kando ya Ziwa Naivasha, na ziwa hili limenionyesha aina zote tatu bila stima wala padi.

Giza la ramani la ziwa hili lilikuwa ni kuhusu maji yake. Mto Malewa na mto Gilgil huingia, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Ziwa la namna hiyo hutazamiwa kuwa na magadi, kwa sababu jua hunyonya maji na kuacha chumvi. Ndivyo yalivyo majirani zetu Elementaita na Nakuru. Mbona letu ni la maji baridi, tunavua samaki na kumwagilia maua? Jibu lilipatikana kwa miguu na kwa vipimo. Sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi yake. Wataalamu walipoyachunguza maji na mvuke wa upande wa kusini, ambako Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, walikuta alama za maji ya ziwa letu. Kipande hicho cha ramani kikapata mwanga.

Jibu lililofichwa ni historia ya kimo cha ziwa. Nani ajuaye lilifika wapi miaka 500 iliyopita? Tope linajua. Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha utafiti wa tope walilolitoa chini ya maji penye shimo la volkano la Crescent Island. Tope hilo limejipanga tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna mabaki ya vijimea na vijidudu. Wengine hupenda maji ya kina, wengine maji haba yenye chumvi. Kwa kuwasoma hao, walipata habari za miaka 1,100. Walikuta kwamba tangu karibu mwaka 1000 hadi 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko sasa, kisha ukaja wakati wa mvua nyingi, lakini uliokatwa na vipindi vitatu vya ukame, cha mwisho kikiwa kati ya mwaka 1760 na 1840. Na vipindi hivyo vinapatana na masimulizi ya wazee wa Afrika Mashariki kuhusu njaa na uhamaji. Kumbe tope na wazee walikuwa wanasimulia jambo moja! Ziwa hili halijapata kutulia mahali pamoja. Hupanda, hushuka.

Halafu kuna swali la aina ya tatu. Mwaka 2009, mwaka niliozaliwa, maji yalipungua sana hadi watu wakasema ziwa linakufa. Mwaka 2020 lilifurika, likaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto kule mjini Naivasha, na mwaka 2025 likarudi tena, watu wakahamishwa kwa mashua mahali walipokuwa wakipita kwa miguu. Je, litapanda tena lini, na hadi mlango wa nani?

Kimo cha ziwa hutegemea zaidi mvua ya milimani Nyandarua, na mvua ina siri yake. Mwaka 1961 Edward Lorenz wa Marekani alikuwa akiendesha hali ya hewa ya kubuni kwenye tarakilishi, kama vile mtu anavyoendesha mchezo. Aliporudia hesabu, badala ya kuandika 0.506127 aliandika 0.506. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko punje ya wimbi. Lakini baada ya muda, hali ya hewa ya hesabu ya pili ilikuwa haifanani kabisa na ile ya kwanza. Mwaka 1963 alichapisha maana yake: kwa kuwa hatuwezi kupima hewa yote bila kasoro hata ndogo, utabiri wa siku za mbali sana hauwezi kuaminika; baadaye ilionekana kwamba utabiri wa siku kwa siku hupoteza nguvu baada ya majuma mawili hivi. Kwa hiyo hakuna atakayekutajia leo siku ambayo maji yatabisha hodi mwaka ujao. Mwenye imani atasema Mungu anajua, nami nakubali. Lakini hatoi jibu kwa kupewa mji.

Haya yananihusu kwa sababu hii. Mama mmoja, rafiki wa mama yangu, ambaye sisi humwita shangazi, alihama Kihoto maji yalipoingia, akapanga chumba huku kwetu Karagita. Jioni moja aliniuliza, "Wewe unayesoma Jiografia, hebu niambie, nirudi nikajenge upya au nisirudi? Ziwa litarudi lini?" Nilimjibu, "Shangazi, lini, hakuna ajuaye. Lakini kama linaweza kurudi, hilo linajulikana." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba aliyemuuzia kiwanja kile alimwapia ati maji hayajawahi kufika pale tangu dunia iumbwe.

Msomaji, umeona hila hiyo? Muuzaji yule alilichukua swali la aina ya pili, lenye jibu kwenye tope, kwenye vipimo na vinywani mwa wazee, akaliuza kana kwamba halina jibu. Na siku maji yalipofika, bila shaka alisema, "Aa, nani angejua?" akalifanya la aina ya tatu. Watu wengi wameumia kwa njia hiyo. Sisi nasi huwaumiza wataalamu kwa njia iliyo kinyume. Tunawadai siku na saa ya mafuriko, na wasipoitaja tunasema basi hawajui kitu, wacha tujenge.

Basi nashauri hivi. Ukikutana na jambo usilolijua, liwe la darasani, la shambani au la maisha, jiulize kwanza ni la aina gani. Ikiwa ni giza la ramani, amka utembee, upime, ufanye zoezi. Usimngojee mwalimu akutafunie. Ikiwa ni jibu lililofichwa, uliza, maana kuuliza si ujinga, lakini chunguza unayemwuliza asije akakusukumisha lori lisilo na kitu chini yake. Ikiwa ni la aina ya tatu, usimlipe anayejidai kulijua, wala usikae ukilia. Kutojua siku ya mvua hakumzuii mtu kuezeka mapema na kujenga juu kidogo. Tahadhari kabla ya hatari.

Shangazi ameamua. Kiwanja cha Kihoto atapanda sukuma wiki maji yakiwa mbali, na nyumba atajenga kwingine, penye mwinuko. Hakumpa mtu mji, na kitendawili bado hakijateguliwa, lakini watoto wake watalala pakavu.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Wanachama wenzangu, tukutane chamani Ijumaa, na mwenye kitendawili aje nacho.

Mwanachama, Kidato cha Tatu