Mashine Pepe Nzito? Wacha Kuirundikia RAM

Swali ni lilelile: "Mkuu, nimeweka Ubuntu ndani ya VirtualBox. Laptopu ina RAM ya GB 8, nimeipa Ubuntu GB 6, lakini nikiburuta dirisha bado linachechemea. Niongeze ngapi?"

Usiongeze. Punguza.

Sijui nani aliyewaaminisha watu kwamba dawa ya mashine pepe nzito ni kusukuma kitelezi cha RAM hadi kwenye rangi nyekundu. Nyekundu ile si pambo. Ukitenga GB 6, Windows, ambayo ndiyo mwenyeji wa mashine pepe, haina ruhusa ya kuzigusa muda wote mashine pepe inapofanya kazi. Inabaki na GB 2, na hapo una kivinjari chenye tabo kumi na antivirusi juu yake. Inaanza kuhamishia programu zake kwenye diski, na VirtualBox ni mojawapo ya programu hizohizo. Kila kitu Ubuntu inachosoma kwenye diski na kila inachochora kinapitia kwa Windows inayohema. Umemnyima mwenyeji pumzi halafu unashangaa mgeni hahudumiwi.

Kosa la viini vya prosesa ni hilohilo. Prosesa ina vinne, unavitoa vyote vinne, sasa Windows na Ubuntu zinagombania.

Tena kuburuta dirisha si kazi ya RAM hata kidogo, ni kazi ya kuchora. Mashine pepe isipowashiwa 3D, dawati la GNOME huchorwa na prosesa peke yake. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na dirisha likitembea zinachorwa upya tena na tena. Hakikisha mwenyewe: fungua terminali ndani ya Ubuntu, andika top, kisha buruta dirisha huku na huko. Utaona gnome-shell ikipanda hadi juu ya orodha. Andika free -h, utakuta RAM kibao imekaa bure.

Jambo jingine: tazama ikoni zilizo chini ya dirisha la VirtualBox. Ukiona kobe wa kijani, VirtualBox haiongei na prosesa moja kwa moja, inapitia Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, na hapo inapungua kasi. Huenda hukuiwasha wewe. Windows 11 huitumia kwa ulinzi wake wa "Memory integrity". Unaweza kuuzima ulinzi huo, ila ujue unaacha nini, na kama unatumia WSL 2 kobe atabaki palepale.

Basi fanya hivi. Sakinisha Guest Additions, zima uwashe. Washa 3D, kumbukumbu ya video iweke MB 128. Viini viwili. RAM GB 4, au 3 ukihamia Xubuntu, ambayo dawati lake ni jepesi zaidi. Faili ya mashine pepe ikae kwenye SSD. Kama bado una diski ya kuzunguka, pesa ya RAM kanunulie SSD kwanza. Na kama kazi yako yote ni terminali, dawati la nini? Weka Ubuntu Server, iendeshe bila dirisha, ingia kwa SSH. GB 2 zinaitosha.