Mashabiki walivyoinunua albamu ya Marillion kabla haijarekodiwa

MASHABIKI wa Marekani walipotaka kujua ni lini bendi ya Marillion ya Uingereza ingekwenda kutumbuiza nchini mwao, jibu la mpiga kinanda wake, Mark Kelly, lililotolewa kupitia intaneti, lilikuwa la kukatisha tamaa: ziara hiyo ingehitaji takriban dola 60,000, na fedha hizo hazikuwepo. Mashabiki hawakukaa kimya. Walichangishana wenyewe hadi kiasi hicho kikatimia, na mwaka 1997 bendi hiyo ikavuka Bahari ya Atlantiki.

Ili kuelewa moyo huo, ni lazima kwanza kuufahamu muziki wenyewe. Katika miaka ya 1970 bendi kama Genesis na Yes zilijenga aina ya roki iitwayo progresivu, yenye vibao virefu hata vya dakika 20, mapigo yanayobadilika ghafla na mashairi yenye kusimulia hadithi. Ulipoingia muziki wa panki mwaka 1976, uliokuwa mfupi na wa kasi, magazeti ya muziki ya London yaliuhesabu mtindo huo kuwa umekwisha kuzikwa.

Hata hivyo, vijana waliokulia kwenye santuri hizo hawakukubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilichomoza Marillion, IQ, Pendragon, Twelfth Night na Pallas, na mtindo wao ukaja kuitwa progresivu mpya. Vinanda vya umeme vilitawala, gitaa likalia kwa sauti ndefu ya majonzi, na melodia zikawa nyepesi kushikika kuliko zile za watangulizi wao.

Wapinzani walisema vijana hao walikuwa wakiiga Genesis tu. Shutuma hiyo haikukosa msingi. Kibao "Grendel" cha Marillion cha mwaka 1982, chenye urefu wa zaidi ya dakika 17, kinamkumbusha msikilizaji mapema mno kazi za Genesis za miaka 10 iliyotangulia. Lakini kuishia hapo ni kuwaonea.

Ushahidi ni "Misplaced Childhood" ya mwaka 1985, albamu inayomfaa zaidi anayeanza. Nyimbo zake zinaungana bila kukatika, zikisimulia mapenzi yaliyovunjika na utoto uliopotea, kwa sauti ya mwimbaji Mskochi aitwaye Fish. Ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu nchini Uingereza, na kibao chake "Kayleigh" kikafika nafasi ya pili katika chati ya nyimbo. Fish aliondoka mwaka 1988 na nafasi yake kuchukuliwa na Steve Hogarth. Hadi leo mashabiki wapo wanaobishana ni yupi kati yao aliye bora, ubishi ambao mgeni hana haja ya kuuingilia kabla ya kuwasikiliza wote wawili.

Baada ya hapo masikio yaelekee kwa IQ. "Subterranea" ya mwaka 1997, albamu ya diski mbili, inahusu mtu aliyelelewa kifungoni, mbali na ulimwengu, kisha akaachiwa ghafla. Haipendezi kuisikiliza kwa vipande vipande. "The Masquerade Overture" ya Pendragon, ya mwaka 1996, ni laini zaidi, na gitaa la Nick Barrett ndilo linaloibeba. Bendi hizi mbili zilitoa kazi hizo kupitia lebo zao wenyewe, Giant Electric Pea na Toff Records.

Kwa Marillion, mkataba wake na kampuni kubwa ya EMI ulikuwa umekoma mwaka 1995. Ikikumbuka mchango wa Wamarekani, bendi hiyo iliwaandikia mashabiki wake ikiwaomba wailipie albamu mpya ambayo hata haijarekodiwa. Zaidi ya watu 12,000 walilipa. Albamu hiyo, "Anoraknophobia", ilitoka mwaka 2001, miaka minane kabla ya tovuti ya Kickstarter kuanzishwa, na majina ya waliotoa fedha zao mapema yakachapishwa katika toleo maalumu walilopelekewa.

Mwaka 2022 albamu yao "An Hour Before It's Dark" ilifika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Mashabiki walikuwa wameinunua hiyo pia kabla haijatoka.