Somo la Tisa: Kuchagua na Kutunza Vifaa vya Kompyuta ya Mezani

   Wekeni kalamu na karatasi karibu, maana leo iko hesabu kidogo, nayo haifanyiki vizuri kichwani.

Katika somo lililopita tuliona kompyuta ni kitu gani na kila kifaa chake chafanya kazi gani. Leo twaingia katika jambo lililoulizwa na barua zenu nyingi: mtu akitaka kuundiwa kompyuta yake mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, achague vipi? Barua moja imetoka kwa kikundi cha masomo huko Tanga. Wanakikundi wamechanga fedha mwaka mzima, nao wanataka kufungua ofisi ndogo ya kuchapa barua, kutoa nakala na kuwajazia watu fomu za intaneti. Muuzaji mmoja amewaahidi kuwaundia kompyuta "yenye nguvu sana", ndani ya kasha la kioo lenye taa za rangi, nao wanauliza kama watoe fedha. Nitawajibu wao, na ninyi wengine sikilizeni.

Jawabu langu ni hili: msitoe bado. Kwanza andikeni katika karatasi kazi ambazo kompyuta hiyo itazifanya tangu asubuhi mpaka jioni. Kuchapa barua, kujaza fomu, kusafisha picha za pasipoti, kupeleka kazi katika printa. Hakuna hata moja katika hizo inayodai prosesa kubwa wala kadi ya picha ya bei kali. Mchezaji wa michezo ya kompyuta au mtu wa kuhariri filamu ana hesabu yake. Mpiga chapa hana haja ya kulipa hesabu ya mwenzake. Taa za rangi hazichapi barua.

Haya, tuanze na prosesa, ndiyo akili ya mashine. Kwa ofisi kama hii yatosha prosesa ya daraja la chini, mathalan Core i3-12100 ya Intel, au Ryzen 5 5600G ya AMD. Lakini someni jina mpaka herufi ya mwisho. Iko prosesa nyingine iitwayo i3-12100F. Hiyo F ina maana kwamba ndani yake hamna sehemu ya kutoa picha. Ukiinunua bila kadi ya picha, mashine itawaka, feni zitazunguka, na kioo kitabaki cheusi. Watu wamerudisha kioo dukani na kugombana na muuzaji, kumbe kosa ni herufi moja. Kwa AMD ya kikalio cha AM4 mambo ni kinyume: herufi G ndiyo ishara ya kuwa na picha. Ryzen 5 5600G inayo, Ryzen 5 5600 haina.

Nimetaja kikalio. Prosesa hukaa katika ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, na kila jamaa ya prosesa ina kikalio chake. AM4 ilitoka mwaka 2016, AM5 mwaka 2022. Prosesa ya AM5 haiingii katika ubao wa AM4. Hii ni rahisi, maana kisichoingia hakiingii. Hatari iko katika vitu vinavyoingia lakini havifanyi kazi. Kikalio cha Intel kiitwacho LGA1151 kilitumiwa na prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, kisha kikatumiwa tena, kwa umbo lile lile, na kizazi cha 8 na cha 9. Weka prosesa ya kizazi cha 8 katika ubao wa kizazi cha 6: itakaa vizuri kabisa, wala mashine haitawaka. Kwa hiyo haitoshi kuuliza "yaingia?" Sharti uangalie orodha ambayo mtengenezaji wa ubao ameitoa, inayotaja prosesa zote ambazo ubao huo wazikubali. Orodha hiyo hupatikana bure katika tovuti yake.

Kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ina jambo hilo hilo. DDR4 na DDR5 zote zina migusano 288, na kwa macho zafanana, ila pengo la chini limewekwa mahali tofauti ili usiweze kuzichanganya. Ukiona haiingii, usiikandamize. Kwa ofisi yetu GB 8 zatosha kuanzia, na 16 ni raha. Walakini vijiti viwili vya GB 8 ni afadhali kuliko kijiti kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa husoma viwili kwa pamoja, kama kisima chenye ndoo mbili. Katika mashine isiyo na kadi ya picha faida hiyo yaonekana zaidi, maana picha nayo hukopa RAM hiyo hiyo.

Juu ya mahali pa kuhifadhi kazi, sitasema mengi. Nunueni SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na kila unapotafuta faili hapana budi kungoja sahani izunguke na mkono wake ufike mahali pake. SSD haina kinachozunguka. Mashine ya zamani ikibadilishiwa diski tu ikatiwa SSD, mwenyewe hudhani amenunuliwa mpya. Na mkiona GB 500 zimeandikwa 465 katika kioo, hamkuibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Sasa twafika mahali ambapo nataka kukaa kidogo, maana ndipo fedha za kikundi zitakapopona au zitakapoungua. Ni kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Mafundi hukiita pawasaplai. Muuzaji hapendi kukizungumza, kwa sababu mnunuzi hakiulizi, na hapo ndipo apatapo faida. Lakini kila kifaa mlichonunua chala kutoka mkononi mwake. Kikiharibika vibaya hakifi peke yake. Chaweza kufa pamoja na ubao na diski.

Chukueni kalamu. Prosesa ile ya i3-12100 ikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 89. Ubao, RAM, SSD na feni tuzipe wati 60 kwa ukarimu. Jumla ni wati 149. Pawasaplai haipendi kukimbizwa mpaka mwisho wa nguvu zake saa zote, basi tuzidishe mara mbili: kama wati 300. Kwa hiyo pawasaplai ya kweli ya wati 400 yatosha na kubaki.

Nimesema "ya kweli". Geuzeni kisanduku, mtaona kibandiko chenye jedwali. Msisome ile namba kubwa iliyochorwa kwa rangi. Tafuteni mstari wa volti 12, msome ampea zake, kisha zidisheni kwa 12. Tuseme juu pameandikwa wati 500, na katika mstari wa volti 12 pameandikwa ampea 18. Kumi na nane mara kumi na mbili ni 216. Basi hicho ni kisanduku cha wati 216 kilichovaa koti la wati 500, kwa sababu kompyuta za siku hizi huvuta karibu umeme wake wote katika volti 12. Kisanduku kisicho na jedwali kabisa, kirudisheni juu ya meza ya muuzaji kwa adabu.

Alama ya 80 PLUS nayo ina maana. Maana yake kisanduku kimepimwa, nacho hakipotezi zaidi ya sehemu 20 kwa 100 za umeme kinaouvuta, kikiwa na mzigo wa sehemu 20, 50 au 100 kwa 100. Mashine ikitaka wati 120, kisanduku kama hicho kitavuta 150 ukutani, na wati 30 zitakuwa joto. Kibaya kitavuta zaidi, nanyi mtalipa katika luku.

Kisha angalieni nyuma ya kisanduku. Vingine, hasa vya zamani na vya bei ndogo, vina swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Swichi ikiwa katika 115 ukachomeka, utasikia mlio kama wa baruti, na moshi utafuata. Mashine zilizotoka Marekani ziangalieni mara mbili. Na kisanduku kikifa, msikifungue. Ndani yake mna kapasita inayoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Sisemi hivi ili kuwatisha. Ni umeme wa kuua mtu. Hicho hununuliwa kingine.

Wengine watauliza, je, mtumba? Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na Ghuba zafika kwa wingi Dar es Salaam na Mombasa, nami siwakatazi. Kusema kweli, kwa fedha chache mimi ningechagua mtumba mzuri kuliko mashine mpya yenye pawasaplai ya uongo. Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kizazi: katika jina i5-8500, tarakimu 8 ni kizazi cha nane, i5-6500 ni cha sita. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kizazi cha sita. Mwenye mashine ya namna hiyo atumie Linux, ambayo ni bure na hufanya kazi za ofisi vizuri. La pili, mashine nyingi za makampuni makubwa zina pawasaplai na ubao wa umbo lao wenyewe. Plagi za kawaida haziingii. Ulizeni kabla ya kulipa: kifaa hiki kikifa, kingine nitakipata wapi?

Sasa utunzaji. Tanga iko baharini, na hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Vyote viwili hula madini. Msiiweke mashine mbele ya dirisha linalopokea upepo wa bahari, wala sakafuni ambako ufagio hupeleka vumbi moja kwa moja ndani yake. Kiweni na meza. Tena, ninyi akina mama mnaofuma vitambaa vizuri vya kufunika redio na televisheni, naomba radhi: kitambaa kiwekwe usiku, mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Inapofanya kazi, yataka kupumua. Matundu ya nyuma yasiyo na kadi yazibwe kwa bati zake, maana mjusi kafiri hupenda joto la ndani, na akigusa pasipomhusu hufa yeye na ubao pia.

Kila miezi mitatu, au kila mwezi ikiwa barabara yenu ni ya vumbi, zimeni, chomoeni waya, fungueni ubavu. Gusa bati la kasha kwanza kwa mkono mtupu, ili umeme wa mwilini utoke usije ukaunguza vifaa. Fagia kwa brashi laini ya rangi, iliyo kavu na mpya, au pulizia kwa blowa ukiwa mbali kidogo. Feni izuie kwa kidole isizungushwe na upepo. Ikizungushwa kwa kasi ambayo haikuumbiwa, beringi zake huharibika. Mashine ikianza kujizima yenyewe baada ya muda, aghalabu ni joto: pesti iliyo baina ya prosesa na kipoza chake imekauka. Futa ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kuipaka kama siagi ni kupoteza fedha. Saa ya mashine ikirudi nyuma kila asubuhi, na tovuti za serikali zikikataa kufunguka, msimwite fundi. Betri ndogo ya ubaoni, CR2032, imekwisha, nayo huuzwa hata katika duka la saa.

Limebaki la kukatika kwa umeme. UPS ni lazima, lakini someni wati zake. UPS iliyoandikwa VA 650 aghalabu huwa na wati chini ya 400. Yatosha kompyuta na kioo chake kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza msiichomeke katika upande wa betri. Printa hiyo hukaanga wino wa unga juu ya karatasi kwa joto, na kila inapoanza hunywa umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo italia na kuzima, na barua ya mteja itapotea. Printa ipate soketi yake ya ukutani.

Kazi yenu kabla ya somo lijalo: kila kikundi kitafute pawasaplai moja, kwa fundi au kwa jirani, kinakili jedwali lake na kupiga hesabu ya mstari wa volti 12. Kikundi cha Tanga, ninyi nakilini ile ya muuzaji wenu mwenye kasha la kioo, pamoja na jina zima la prosesa aliyowaahidi, mtuletee kwa barua. Fedha zikae alikoziweka mtunza hazina mpaka tujibu. Katika somo lijalo tutashika bisibisi na kuviunganisha vifaa hivi. Kwaherini.