Rafiki wa Shule Akifa

Akifa baba au mama, kila mtu anajua la kufanya. Jamaa huja, matanga hukaa, na kila mmoja hupewa mahali pake kwa kadiri ya udugu wake. Lakini akifa yule mliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, mkagawana muhogo njiani, wewe utaketi wapi? Si wa ukoo. Utatoa rambirambi, kisha utarudi shambani kwako. Nani atakupa pole? Damu nzito kuliko maji, ndivyo wasemavyo.

Mimi karani wa parokia naandika nia za Misa katika daftari. Majina ya wazazi, babu na watoto waliofariki huletwa kila juma. Jina la rafiki wa shule huletwa mara chache sana. Si kwamba hakupendwa, ila watu hudhani majonzi hayo si haki yao. Basi na tumsikilize Mwafrika mwenzetu aliyeyaonja.

Watoto wawili wa Thagaste

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Aljeria. Shuleni alikuwa kama watoto wetu. Alipenda mchezo kuliko masomo, na katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia alivyomwomba Mungu asichapwe na mwalimu. Alikuwako huko mtoto mwingine wa rika lake. Walikua pamoja, wakasoma pamoja, wakacheza pamoja. Augustino alipokwisha kusoma Carthage akarudi kwao kufundisha, naye ana miaka ishirini na kitu. Hapo ndipo walipopendana hasa.

Siku hizo Augustino aliwafuata Wamanikeo, wazushi waliosema kwamba ulimwengu unagombaniwa na nguvu mbili, ya mwanga na ya giza. Akamvuta na rafiki yake.

Urafiki wao haujatimiza mwaka, yule kijana akashikwa na homa kali, akazimia. Ikadhaniwa kwamba anakufa, akabatizwa hali hana habari. Alipopata nafuu, Augustino akaanza kuufanyia mzaha ule ubatizo, akitumaini watacheka wote wawili. Wapi! Mgonjwa alimtazama kama adui, akamwonya kwamba akitaka kuwa rafiki yake, aache maneno hayo.

Augustino alishangaa, akanyamaza. Akakata shauri kungoja mpaka mwenzake apone kabisa, ndipo wazungumze. Siku chache baadaye, yeye akiwa hayupo, homa ikarudi. Rafiki akafa.

Machozi yasiyo na njia

Tangu hapo mji wa kwao ukawa mateso kwake. Kila walipopita pamoja palimwumiza. Macho yake yalimtafuta rafiki kila mahali, wala hapakuwa tena na mahali pa kumngojea. Alistaajabu kuona watu wengine wako hai. Hakupata faraja ila kulia tu. Mwishowe akaukimbia mji, akarudi Carthage.

Kwa nini hakutulia? Yeye mwenyewe alieleza baadaye, alipokuwa askofu wa Hippo. Alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa kamwe. Na Mungu aliyemwaza siku zile hakuwa Mungu wa kweli. Basi hakuwa na mahali pa kuutua mzigo wake.

Linganisha na mwaka 387. Siku ya Pasaka Augustino alibatizwa mjini Milan na Askofu Ambrosi. Mwaka huo huo mama yake, Monika, alifariki mjini Ostia. Mama huyo aliwaomba wanawe jambo moja tu, kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Augustino alilia, maana alikuwa mwana. Lakini aliomba pia, hata akawasihi wasomaji wake wamkumbuke Monika na mumewe Patrisi altareni. Mara hii machozi yake yalipata njia.

Nawe ufanye nini?

Kwanza, usione haya kumlilia rafiki yako. Askofu na mwalimu wa Kanisa hakuona haya kuandika machozi yake kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake.

Pili, leta jina lake liombewe katika Misa, wala usingoje tarehe 2 Novemba. Daftari haliulizi ukoo.

Tatu, nenda ukamwone mama yake au watoto wake. Waambie jinsi alivyokuwa njiani na uwanjani, mambo ambayo hawakuyaona. Watoto wake watampata baba yao alipokuwa mdogo kama wao, na wewe ndiwe shahidi.

Nne, kama yuko mwenzako wa shule aliye hai, na mliachana kwa neno baya, usingoje siku njema. Augustino alingoja rafiki apone, na siku ile haikuja. Na kama yeye ndiye aliyekuonya, fikiri vema. Huko Thagaste aliyekuwa na elimu alikuwa mwalimu, lakini aliyesema kweli alikuwa mgonjwa kitandani.

Jina la kijana huyo Augustino hakuliandika popote. Mungu analijua. La rafiki yako unalijua wewe. Litaje leo jioni katika sala ya nyumbani, watoto wako wakisikia.